Ameshiba Lakini Hajui: Kula Kupita Kiasi kwa Mtoto Mwenye Usonji

Mwanangu ana miaka kumi. Akirudi kutoka shule hapiti popote, ni moja kwa moja jikoni, viatu bado viko mguuni. Anafunua hotpoti, anahesabu maandazi kwa kidole, anafunika. Haipiti dakika tano karudi tena: anafunua, anahesabu, anafunika. Kwa miezi mingi nilijua anavizia aibe. Nikawa namfukuza, naye analia na kujipiga mapaja kwa viganja. Siku moja nikaamua kukaa kwenye kigoda nimtazame tu, nisiseme neno. Mpaka adhana ya magharibi alikuwa amefunua hotpoti ile mara kumi na moja. Hakuchukua hata andazi moja.

Nimeanza na hilo kwa sababu neno la kwanza linalowatoka watu wakimwona mtoto mwenye usonji (autism, yaani ubongo unaokua kwa namna tofauti) asiyekoma kula ni "ulafi". La pili ni "mama yake kamdekeza". Maneno hayo hufunga mlango kabla mtu hajauliza swali la maana: kinachomsukuma mtoto huyu ni nini hasa? Ukitazama kwa nje, kula sana ni jambo moja. Kwa ndani ni mambo kadhaa yaliyovaa nguo moja, na kinacholitibu hili huweza kulichochea lile.

Usonji na chakula vimekuwa pamoja tangu mwanzo. Leo Kanner, daktari wa Baltimore aliyeandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wa aina hii, alitaja kwamba kadhaa kati yao walikuwa na shida kubwa ya kulishwa tangu uchanga. Tangu hapo mazungumzo mengi yamebaki kwenye mtoto anayekataa kula, anayetaka wali mweupe tu au chipsi tu. Mzazi ambaye wake hakatai chochote huambiwa ashukuru. Lakini tafiti nyingi za Marekani zimekuta kwamba watoto wenye usonji huingia kwenye unene uliokithiri zaidi ya wenzao, na mara nyingine ni mtoto yule yule mchaguzi: anakula vitu vinne tu, ila hivyo vinne ni mkate, wali, chipsi na biskuti, tena bila kikomo.

Njaa ina safari ndefu

Tumbo tupu hutoa homoni iitwayo grelini, iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999. Kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba wakati wa kula umefika. Mafuta ya mwilini nayo hutoa leptini, iliyogunduliwa New York mwaka 1994, inayosema akiba ipo. Kisha kuna mishipa ya fahamu inayopeleka habari kwamba tumbo limetanuka. Habari hizi hazifiki papo hapo. Wengi wetu huanza kusikia shibe kama dakika 20 tangu tonge la kwanza, ndiyo maana anayekula mbio hushtukia amevimbiwa.

Sasa, habari kutumwa ni jambo moja na kusomwa ni jingine. Tuna hisi ya ndani ya mwili, ile inayotuambia kibofu kimejaa, koo limekauka, moyo unakwenda mbio, tumbo limetosheka. Kwa watu wengi wenye usonji hisi hiyo husomeka kwa shida. Ishara inakuja dhaifu mno, au inakuja kwa kishindo imechelewa, au zinakuja tatu pamoja na mtoto hajui ipi ni ipi. Waswahili tunasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mtoto huyu ni wote wawili kwa wakati mmoja, na hawajuani. Kuna wanaosahau kula siku nzima mpaka wanaishiwa nguvu, na kuna wanaokula mpaka wanatapika, na chanzo chaweza kuwa kile kile.

Dalili ya chanzo hiki haiko kwenye sahani peke yake. Tazama kwingine. Mtoto alichelewa sana kujua kwenda chooni? Ana homa kali na anacheza kama kawaida? Anaanguka, goti linatoka damu, haonekani kuumia? Basi ukimwambia "acha, umeshiba" unamwambia kitu ambacho mwili wake haujamwambia. Kwetu sisi kushiba ni hali tunayoisikia. Kwake ni neno tu ambalo mama hulisema akitaka kuondoa sahani. Zaidi ya hayo, mtoto aliyefunga choo siku nne ana uzito na maumivu tumboni, na akiwa na jina moja tu la kila kinachotokea tumboni, jina hilo litakuwa "chakula". Nawaomba wazazi wachunguze choo kabla ya kuchunguza tabia.

Usingizi nao umo. Mwili uliolala kidogo huamka na hamu kubwa ya kula, hasa vitu vitamu na vya wanga, na hilo halina usonji wala nini, ni la binadamu wote. Ila watoto wetu wengi hulala vibaya, wengine wanaamka saa nane za usiku wakaanza siku. Saa nne asubuhi ukimwona anakomba sufuria, huenda unatazama usiku uliopita.

Halafu kuna mdomo wenyewe. Mwanangu hula kola za mashati. Penseli zake zote zina alama za meno. Mtoto wa namna hii anautafuta mtafuno, ule mkwaruzo na mgandamizo wa taya unaomtuliza, na biskuti ni kitu cha karibu kinachofanya kelele mdomoni. Ukimpa uji kwa sababu "ana njaa" hatatulia, maana uji hautafuniki. Huyu mpe tango, karoti, mahindi ya kuchoma, embe bichi lisilo na chumvi nyingi. Mpe pia kazi nzito za mwili: kubeba ndoo ya maji, kusukuma toroli, kutwanga. Wengi wetu hatujui kwamba kuna wataalamu wa tiba kazi (occupational therapy) ambao kazi yao ni hiyo, na chuo kilichoko hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha kwa miaka mingi. Ukipata hata mkutano mmoja na mtaalamu wa namna hiyo, nenda.

Mwingine hula ili kutulia moyo. Darasa lina kelele, mgeni kaingia, umeme umekatika katikati ya katuni, anakimbilia mkate. Kwake mkate ni kitu kisichobadilika: ladha ya jana ndiyo ya leo. Na mwingine hali kabisa, ila anazungumza chakula kutwa. Anajua majina ya soda zote dukani, anachora sahani, anatazama video za upishi. Hiyo ni shauku, kama mwenzake anavyoshika mabasi au feni. Mimi siungi mkono wanaotaka shauku hiyo ing'olewe. Mchukue sokoni, mpe apime unga kwa kikombe, mfundishe kukuna nazi. Mtoto anayependa chakula kwa akili anaweza kuwa mpishi.

Yale maandazi

Narudi kwenye hotpoti. Mwanangu alikuwa na swali moja kwa siku, "Chakula saa ngapi?", nalo analiuliza mara thelathini, arobaini. Analiuliza hata tonge likiwa mdomoni. Siku nilipogundua hilo ndipo akili ilifunguka. Mtu anayeuliza chakula saa ngapi huku anakula haulizi kwa njaa. Anaogopa. Hajui kama kitakuja kingine, kitakuja lini, nani ataleta. Sisi tukisema "baadaye" tunajua tuna maana ya nini. Kwake "baadaye" ni shimo. Alikuwa anahesabu maandazi ili ajue kwamba bado yapo.

Nilifanya kitu kidogo. Nilichukua kipande cha boksi, nikabandika picha tano za sahani zake mwenyewe nilizopiga kwa simu: uji asubuhi, tunda saa nne, wali mchana, maziwa na andazi moja saa kumi, chakula cha usiku. Pembeni kibanio cha nguo. Kila mlo ukiisha anasogeza kibanio mwenyewe. Wataalamu wa usonji wametumia ratiba za picha kwa miongo mingi na mbinu yenyewe haina siri. Swali halikuisha. Ila lilibadilika: sasa ananivuta mkono mpaka kwenye boksi, ananionyesha picha inayofuata, nami naitikia kwa kichwa, basi. Kufunua hotpoti kulishuka mpaka mara mbili tatu. Jambo la kuzingatia ni kwamba boksi lazima liseme kweli. Siku gesi ilipoisha na mchana ukachelewa saa nzima, tulirudi nyuma wiki mbili.

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Nilifunga kabati kwa kufuli na nikaona nimemaliza. Watafiti wa Marekani, Jennifer Fisher na Leann Birch, walionyesha mwaka 1999 kwamba watoto wadogo wanaowekewa kizuizi kwenye chakula fulani kinachoonekana huzidi kukitamani, na wakiruhusiwa hukivamia. Hao walikuwa watoto wa kawaida. Kwa mtoto ambaye tayari hana uhakika, kufuli bila ratiba linamthibitishia hofu yake: kweli chakula huweza kutoweka.

Nikijumlisha niliyoyaona kwa macho yangu na niliyofundishwa, naweza kusema hivi: kikomo kitoke kwenye kitu, kisitoke kwenye mtu. Mama anayesema "basi" ana sauti, ana uso, anaweza kubembelezwa leo na kukasirika kesho. Bakuli halina uso. Likiisha limeisha. Kwa hiyo pakua jikoni, usilete sufuria mezani. Biskuti zisikae kwenye pakiti yake, zikae tatu tatu kwenye vikopo, na kikopo kimoja ndicho cha leo. Vitu vya kumtia kishawishi visionekane, na bora zaidi visinunuliwe, maana si haki kumtaka mtoto ashinde vita ambavyo baba na dada zake hawapigani. Weka saa ya mchanga au kengele ya simu ya dakika 20 kati ya sahani ya kwanza na nyongeza, shibe nayo ipate nafasi ya kufika. Nyongeza iwe mchicha, maharage, kachumbari, na umwambie tangu mwanzo kwamba ipo. Usiseme hapana tupu. Sema "ndiyo, saa kumi", halafu onyesha picha.

Sinia ndilo lililonishinda. Huku kwetu Tanga, Ijumaa tunakula pamoja, pilau inatua katikati na kila mtu anakula upande wake. Mtoto asiyesikia shibe hana mahali pa kushika kwenye sinia: hakuna ukingo wake, hakuna mwisho wake, na mikono minane inakwenda mbio. Alikuwa akila kama anayefukuzwa. Nilipotaka kumtenga na sahani yake, mama mkwe alinikatalia mbele za watu: "Mwanangu, mtoto hatengwi na chakula chake hanyimwi. Hiyo ni laana." Sikumlaumu. Katika malezi yake, kutengwa kwenye sinia ni adhabu.

Ramadhani ni mtihani wa peke yake. Mtoto hafungi, lakini tangu alasiri anasikia harufu ya mihogo ya nazi na kaimati, anaona vyombo vimejaa na havigusiki, halafu saa ya kufuturu inasogea kidogo kidogo kila siku. Tulipoacha kumngojesha ilipungua nusu ya vurugu. Anakula chakula chake kamili saa kumi, na adhana ikilia anapata kibakuli chenye vitu vitatu kama kila mtu.

Majirani wanahitaji kuambiwa, tena ana kwa ana. Mtoto anaingia nyumba ya tatu, anapewa chapati kwa huruma, ya nne anapewa kitumbua, na nyuma yake maneno: kwao hapikwi? Nilipita mlango kwa mlango. Nilisema, "Dada yangu, ukimwona kwako usimfukuze, na usimpe chakula. Mpe maji, nipigie simu." Mwenye duka naye nilimwomba biskuti azitoe kwenye kaunta azipandishe juu. Wote walielewa, na aibu niliyoiogopa haikuja. Shuleni ilikuwa kazi zaidi, kwa sababu mwalimu mmoja alikuwa akimpa peremende kila akijibu sawa. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Lakini mtoto anayewaza chakula kutwa ukimlipa kwa chakula unampa sababu mpya ya kukiwaza. Tukakubaliana zawadi iwe dakika mbili za bembea.

Yasiyotakiwa kumalizwa nyumbani

Dawa. Risperidoni hutolewa kwa watoto wenye usonji wanaojiumiza au wenye hasira kali, na Marekani iliiruhusu rasmi kwa ajili hiyo mwaka 2006. Inasaidia, nami nimeona. Lakini hufungua hamu ya kula kama bomba. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002 kwa watoto 101, waliopewa dawa hiyo waliongezeka wastani wa kilo 2.7 kwa wiki nane, na waliopewa kidonge kisicho na dawa kilo 0.8. Mwanangu alipoanzishwa, fundi cherehani alipanua kaptura yake ya shule mara mbili ndani ya muhula mmoja, nami bado namgombeza mtoto. Nikikumbuka hilo naumia. Aripiprazoli, dawa nyingine ya kundi hilo, nayo huweza kuongeza uzito, na valproati ya sodiamu, ambayo wengi wa watoto wetu wenye kifafa wanaitumia, vilevile. Usiikatishe dawa mwenyewe, kifafa au vurugu vinaweza kurudi kwa nguvu. Mpime uzito siku anayoanza, kila mwezi uandike, urudi kwa daktari na karatasi hiyo mkononi. Ziko njia: kupunguza kipimo, kubadili dawa, na kwa baadhi daktari huongeza metformini, dawa ya kisukari ambayo jaribio la mwaka 2016 lilionyesha inasaidia kuzuia uzito kwa watoto hawa. Kadi ya kliniki huishia miaka mitano, na baada ya hapo hakuna anayemweka mtoto kwenye mizani kama mzazi hakufanya hivyo.

Njaa iliyokuja ghafla ni habari nyingine kabisa. Mtoto anayekula sana, anakunywa maji sana, anakojoa mno, halafu anakonda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apimwe sukari. Hiyo inaweza kuwa kisukari cha watoto, na mtoto asiyeweza kueleza anavyojisikia huzidiwa haraka.

Anayekula udongo, chaki, sabuni, nyuzi au karatasi apimwe damu, maana upungufu wa madini ya chuma huandamana na tabia hiyo. Tumezoea kuona wajawazito wakila udongo, hivyo tunalichukulia jambo jepesi. Kwa mtoto si jepesi: vitu huziba utumbo, na rangi za zamani za kuta zina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu.

Na kuna ugonjwa ambao watu hudhani ni usonji tu wenye njaa. Madaktari watatu wa Zürich waliueleza mwaka 1956 na unaitwa Prader-Willi, unatokana na hitilafu kwenye kromosomu namba 15, na humpata kama mtoto mmoja kati ya 10,000 hadi 30,000. Historia yake ndiyo inayouumbua: mchanga aliyelegea mwili mzima, asiye na nguvu ya kunyonya, mwembamba, kisha kadiri miaka ya utoto inavyokwenda njaa inafunguka na haifungiki tena. Kimo kifupi, mikono na miguu midogo. Anaweza kula vilivyogandishwa kwenye friji, au vya jalalani, na tumbo huweza kujaa mpaka likapasuka. Kwa huyu hakuna kumwachia aamue kiasi. Hapa kufuli ni huruma, mradi liende pamoja na ratiba isiyoyumba, maana familia nyingi husimulia kwamba watoto hutulia wakijua bila shaka kwamba chakula kitakuja saa fulani na hakitapatikana kabla yake. Ukiona dalili hizo omba rufaa na utaje jina la ugonjwa mwenyewe, kinachotakiwa ni kipimo cha vinasaba.

Kwa wengine wote, nenda na daftari. Wiki mbili zinatosha: alikula nini, saa ngapi, nini kilitangulia, alilala vipi, alipata choo lini. Daktari mwenye wagonjwa sitini nje hawezi kuyafukua hayo kwa dakika kumi. Na usitarajie kilo zishuke. Kwa mtoto anayekua, mara nyingi lengo ni uzito usimame kidogo huku kimo kikiendelea kupanda.

Bibi yake, yule aliyenikatalia, ndiye aliyelimaliza suala la sinia. Alikwenda soko la Mgandini akarudi na bakuli la bluu, rangi anayoipenda mjukuu wake. Siku za Ijumaa yeye mwenyewe analijaza jikoni, kachumbari nusu, pilau nusu, na nyama yake. Sinia likitua, bakuli linatua ndani ya sinia, kwenye ukingo wa upande wake. Anakaa katikati ya binamu zake, bega kwa bega, anakula kwa mkono kama wao. Akimaliza analigeuza bakuli juu chini, anatazama kidogo kama lina kitu chini yake, anakwenda kunawa.